Siku ya Misri, Saa Nane Mchana

Usiku wa jana niliota nasukwa nywele, na nywele zinakataa kwisha.

Nipo saluni kwa dada Gaudensia, Kirumba, nimekaa mkekani, kichwa kimebanwa katikati ya magoti yake. Kila anapomaliza fungu moja, pembeni yake panaota jingine. Gaudensia hashangai. Anachana, anagawa, anasuka, anaimba puani.

"Dada Gaude, saa ngapi?" nauliza.

"Bado."

"Bado nini?"

"Ndiyo saa yenyewe. Sasa hivi ni saa bado."

Natazama saa ya ukutani. Kweli. Mishale yote miwili imelala juu ya neno BADO, lililoandikwa mahali pa saa nane.

Hodi ikapigwa. Akaingia sufuria.

"Ikaingia," sufuria ikanisahihisha. "Mimi ni wa ngeli ya I-ZI. Tafadhali."

Nikaomba radhi. Ilikuwa sufuria kubwa ya shughuli, ile ya kupikia wali wa harusi, ina masizi mpaka kwenye mabega. Ikakaa kwenye benchi la wateja, katikati ya akina mama wawili waliokuwa chini ya mashine za kukaushia nywele. Mmoja wao akaisogezea nafasi bila kuacha kusoma gazeti.

"Namsubiri Nyamizi," sufuria ikasema. "Nimebeba chakula cha watu sitini. Nilipashwa moto saa saba. Sasa natoka jasho kwa ndani."

"Nyamizi ni mimi."

"Najua. Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo halikuwa la ndoto.

Oktoba ya mwaka jana nilipangiwa mwenzangu wa chumba kutoka Misri. Jina lake Nermini, kwao ni Tanta, mji ulio kaskazini ya Kairo. Alikuwa akisoma Kiswahili chuoni kwao, akaja kwetu Mwanza mwaka mmoja kukinoa. Usiku wa kwanza aliniuliza, "Je, utaudhika nikiizima taa?" Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mtu yeyote, wala kwa Kiswahili kilichonyooka namna ile. Nikasema, "We zima tu."

Watu wa chuo walimpenda kama wanavyopenda kitu cha maonyesho. Walipiga naye picha, wakamuuliza kama amewahi kupanda piramidi, wakaondoka. Yeye alikuwa anataka kuongea mambo mengine. Siku alipokuta mlenda sokoni alirudi chumbani akikimbia, ameukumbatia kama mtoto, kwa sababu kwao ndiyo mboga ya nyumbani kabisa na hakujua kama ipo huku. Aliupika kwa kitunguu saumu kingi. Nilikula. Ulikuwa mtamu. Sikumwambia.

Mwezi Machi akaandaa Siku ya Misri kwenye ukumbi mdogo wa chuo, Jumamosi, saa nane mchana. Alitaka kuwaonyesha watu jinsi kwao wanavyoishi, wanavyoamkiana, wanavyokula. Akapika kushari ya watu sitini: wali, dengu na makaroni, vyote sufuria moja, juu yake rojo ya nyanya yenye siki na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vikavu. Mimi nilikuwa mshereheshaji. Hakunilazimisha. Nilikubali kwa mdomo wangu, nikaongeza, "Usiwe na wasiwasi, watu nitawaleta mimi."

Jumamosi hiyo nilikwenda kusuka. Nikafika ukumbini saa kumi na mbili jioni. Hakuja mtu. Hakuja hata mmoja, isipokuwa mlinzi aliyekuja kufunga mlango, na chakula wakapewa mafundi waliokuwa wanajenga maktaba. Nilimkuta Nermini nje, bombani, anasugua sufuria kwa mchanga. Akaniangalia, akasema, "Nywele zimekupendeza." Kisha akasema, "Nimekubakishia chakula."

Nikasema nimeshiba. Nikasema msusi alichelewa.

Julai akarudi kwao. Basi. Turudi kwenye ndoto.

"Twende," sufuria ikasema. "Ninapoa."

"Siwezi kutoka, nywele hazijaisha."

"Pita humu humu," Gaudensia akasema, akanigonga utosini kwa kitana. "Njia nimeshaigawa."

Nikatazama kwenye kioo. Ule mstari alionigawa katikati ya kichwa ulikuwa barabara ya lami, ina mchoro mweupe na vibao vya kilomita. Nikainama, nikaingia. Kioo, ambacho mpaka wakati huo hakikuwa kimesema kitu, kikasema, "Kumbuka nywele hizi ziliisha saa saba na nusu."

Nikajifanya sikusikia. Nikaenda.

Barabara ikaishia kwenye meza. Nyuma ya meza umekaa mkate. Ni mkate wa duara, bapa, umefura katikati, umevaa kofia ya afisa wa uhamiaji.

Nermini alinieleza kuhusu mkate huu siku za mwanzo kabisa. Wamisri wanauita aishi, neno moja na uhai, na sisi tulipolichukua neno hilo kutoka Kiarabu tukapata kuishi, tukapata maisha. Aligundua hilo akiwa kidato cha pili, aliponunua kitabu kidogo cha Kiswahili barabarani, na ndiyo sababu alianza kujifunza lugha yetu. Alinisimulia hadithi hiyo yote akiwa amekaa kitandani, amekunja miguu, ana furaha. Mimi nilikuwa naangalia simu.

"Sababu ya safari?" mkate ukauliza.

"Kuomba samahani."

"Unakuja kuishi au kunila?"

"Naweza kuchagua kimoja?"

"Kwetu haviachani." Ukaandika kitu. "Asubuhi ya heri."

"Poa," nikajibu.

Mkate ukaacha kuandika. Ukafungua droo, ukatoa daftari nene, ukapitisha ukingo wake kwenye orodha. "Kuna poda," ukasema. "Kuna pole. Poa haimo."

Nikaelewa tatizo. Wamisri wakikuamkia, lazima uwarudishie salamu iliyo nzuri kuliko waliyokupa. Ukiambiwa asubuhi ya heri, unajibu asubuhi ya nuru. Naye atakuongezea asubuhi ya asumini, nawe umpe asubuhi ya malai ya maziwa, mpaka mmoja wenu acheke. Nermini aliniamkia hivyo kila siku, akizitafsiri kwa makini. Nami nilimjibu poa. Kufika Februari nilikuwa nimeacha hata poa, nainua nyusi tu.

"Naomba utazame nyuma yangu," mkate ukasema.

Nyuma yake palikuwa na ghala lililo wazi. Asumini zilikuwa zimerundikwa mpaka darini, na katikati ya asumini kulikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo malai.

"Vitu ambavyo mwenyewe hakuja kuvipokea," mkate ukasema. "Vyote vina jina lako. Malai yameanza kuchacha."

Harufu ilikuwa kweli ya kuchacha. Nikasimama pale natafuta ndani ya kichwa changu kitu kizuri kuliko vyote ninavyovijua. Ilichukua muda. Sufuria ikakohoa.

"Asubuhi ya sato wa kukaanga," nikasema mwishowe. "Na ugali wa moto, na ndimu."

Sato mmoja mkubwa akaanguka mezani, bado anachemka mafuta, na ndimu ikabiringika ikasimama kando yake. Mkate ukamtazama.

"Hiyo ni kubwa," ukakiri. "Kumbe ulikuwa nazo."

Ukanigonga muhuri kwenye kiganja. Nikatokea mlango wa pili.

Mto ulikuwa papo hapo mlangoni, mpana, rangi ya chai ya maziwa. Katikati yake mashua za matanga meupe zilikuwa zikishuka na mkondo, na kwenye kila mashua wanaume wamekizunguka chakula. Kila waliponiona walipunga mkono. "Karibu chakula," wanasema, na mashua inakwenda zake. "Karibu sana." Inakwenda zake.

Hili pia nilikuwa nimeelezwa. Nermini aliniambia kwamba kwao mtu akikukaribisha kwa mdomo tu, wanasema huo ni mwaliko wa wanamashua, maana mwenye mashua anajua huwezi kufika alipo. Nilicheka. Nikasema sisi hatuna msemo wa hivyo. Alikuwa anapasi gauni. Akapasi mkono mzima wa gauni kabla ya kujibu.

"Mnao," akasema. "Mnasema, nitakuja."

Hiyo ilikuwa Mei. Ndiyo mara pekee aliyoligusa jambo lile.

Mashua moja ikageuza, ikaja ukingoni niliposimama. Ndani yake walikaa watu kumi na wanane, na wote walikuwa mimi. Mmoja amevaa gauni la kitenge nililokuwa nimepanga kulivaa siku ile. Mwingine amebeba kamba ya mapambo. Mwingine ameshika kipaza sauti. Hawakunisalimia kwa sababu, nadhani, mtu hajisalimii.

"Nyinyi ni akina nani?" nikauliza, ili mambo yawe wazi.

"Sisi ni wale wa nitakuja," akasema mwenye kitenge. "Kila ulipolisema, mmoja wetu aliondoka nyumbani. Tuko njiani tangu Machi."

"Mbona hamjafika?"

"Miguu unayo wewe."

Wakanisogezea nafasi. Sufuria ikapakiwa mbele, kwa uangalifu, watu wanne wakiishika. Safari nzima hakuna aliyeongea, ila yule mwenye kipaza sauti aliyekuwa akifanya mazoezi kwa sauti ndogo. "Mabibi na mabwana, karibuni Siku ya Misri. Mimi naitwa Nyamizi, na leo nitawatambulisha rafiki yangu." Alirudia hivyo mara nyingi. Alikuwa na sauti nzuri, hababaiki. Angefaa kabisa.

Mashua ikapanda barabara bila kupunguza mwendo, ikapita katikati ya bajaji na mikokoteni ya machungwa, ikasimama chini ya jengo la ghorofa tano. Juu kabisa, kwenye roshani, alikuwa mwanamke mnene aliyejifunga kilemba cha nyumbani. Nikajua ni mama yake Nermini, kwa sababu nilikuwa nimemwona kwenye simu jioni nyingi, akinipungia mkono nami nikijificha nyuma ya shuka. Akashusha kikapu kwa kamba. Kule akina mama hawashuki ngazi kwa ajili ya nyanya. Wanateremsha kikapu, muuza mboga anatia, wanavuta.

"Ingia," kikapu kikaniambia.

"Mimi mzito."

"Jana nimebeba matikiti."

Nikaingia. Mama akanivuta mpaka roshani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshika kikaango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti yangu. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Hujala." Alisema hivyo bila ukali, kama anavyosema mtu anayesoma kipimajoto. Kisha akageukia jiko, ambako mlenda ulikuwa unachemka, akamimina juu yake kitunguu saumu cha moto na wakati huo huo akavuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeona nyoka. Jengo zima likavuta pumzi naye. Madirisha yakafunguka yote. Jirani wa juu akaangusha zulia lililopita mbele yetu polepole, likatuamkia, likaendelea kushuka.

"Usiposhtuka, mlenda hautulii," akanieleza. Nikakumbuka kwamba Nermini alifanya hivyo chumbani kwetu, nami nilimuuliza kama ameungua, akasema hapana, nami sikuuliza tena.

"Mama, nimekuja kumwomba samahani Nermini."

"Nermini hajarudi."

"Alirudi Julai, mama. Niliona picha zake akiwa uwanja wa ndege."

"Aliyerudi Julai yuko kazini," mama akasema, akipunguza moto. "Anafundisha watoto wa watu Kiswahili. Anakula, analala, mzima wa afya. Mimi namsema yule wa Jumamosi. Yule hajarudi. Hunipigia simu kuniuliza kama siki imezidi. Namwambia haijazidi. Namwambia, mwanangu, rudi nyumbani. Ananijibu, 'Ngoja mama, nadhani naona watu wanakuja.' Anakata." Akaifuta mikono yake kwenye aproni. "Miezi minane."

Mlenda ulikuwa umetulia, kijani kibichi, na wote wawili tukautazama.

"Nikimkuta nimwambieje?"

"Mwambie asiwangoje. Mwambie chai yake imepoa, nitamchemshia nyingine."

Akanirudisha kwenye kikapu, akalegeza kamba. Nikashuka ghorofa ya nne, ya tatu, ya pili, na nilipotua chini hapakuwa Tanta. Palikuwa mlango wa nyuma wa ukumbi wetu mdogo wa chuo, ule wenye kitasa kilichong'oka.

Ndani kuna giza. Nje ni saa nane mchana, jua la Mwanza linapasua mawe, lakini ndani kuna giza la pango. Najua sababu kabla sijaambiwa. Wamisri humkaribisha mgeni kwa kumwambia, "Umetia nuru," na mgeni hujibu, "Ni nuru yako." Ukumbi huu umelifanya neno hilo kuwa sheria. Taa zake zinawashwa na wageni.

Sauti ya Nermini inatoka gizani, kule jukwaani.

"Kwetu siku haianzi na jua," anasema. "Inaanza na mkokoteni wa maharage. Yamechemka usiku kucha kwenye chungu chenye shingo nyembamba, na mwenye mkokoteni anapiga chungu kwa upawa. Hapo ndipo baba yangu anaamka." Anangoja kidogo. "Je, kuna swali hadi hapo?"

Hakuna swali.

Napiga hatua moja. Juu yangu taa moja inawaka.

Namwona. Amevaa gauni refu la samawati, amejitanda mtandio mweupe, ameshika karatasi zake kwa mikono miwili. Mbele yake kuna safu za viti, vyote vitupu, na juu ya kila kiti sahani, na kwenye kila sahani kijiko, vijiko vyote vimelazwa upande mmoja.

"Umetia nuru, Nyamizi," anasema.

Kila aliponiambia hivyo chumbani, jibu nilikuwa nimelisahau. Kwenye ndoto nalipata.

"Ni nuru yako."

Taa ya pili inawaka, juu yake yeye. Nageuka kuwaita wale kumi na wanane waingie, angalau wajaze safu moja. Hawapo. Nadhani mtu akishafika mwenyewe, wao hawana tena kazi. Sufuria tu ndiyo imeingia, imekaa kando ya jukwaa, inatoa mvuke mwembamba.

"Msusi alichelewa?" Nermini anauliza. Anauliza kwa upole, ananipa nafasi ya kusema ndiyo.

"Hapana," nasema. "Nywele ziliisha saa saba na nusu."

"Na baada ya hapo?"

"Nilikaa pale pale. Tulikula mahindi ya kuchoma. Nilikaa mpaka saa kumi na moja."

"Kwa nini?"

"Kwenye kundi la darasa kwenye simu mtu aliandika kwamba tunakwenda kulishwa mafarao. Watu wakacheka. Na mimi nikaweka kile kikatuni cha kucheka. Baada ya hapo nikaona aibu kuwa mtu pekee atakayekuja."

Nermini anazipanga karatasi zake, anazigonga mezani ziwe sawa.

"Vitatu," anasema.

"Nini?"

"Uliweka vikatuni vitatu. Mimi pia nilikuwemo katika kundi lile."

Nilikuwa sijui. Ndotoni nilijua kwamba nilikuwa sijui, na kwamba ningeweza kujua kama ningetazama majina. Taa mbili zile hazikutikisika. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, sahani mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamuuliza swali.

"Baba yako akishaamka, anafanya nini?"

Akaniangalia kuhakikisha kama nataka jibu. Kisha akaziweka karatasi chini.

Akanieleza kwamba baba yake anatoka roshani na pajama za mistari, anakunywa chai yenye nanaa kwenye bilauri ya kioo, anabishana kuhusu mpira na jirani wa jengo la pili, kila mmoja kwenye roshani yake, barabara nzima ikisikiliza. Kwamba mnunuzi wa vitu vikuukuu anapita na mkokoteni akiimba, na mama yake alimuuzia redio mbovu ambayo baba anaitafuta mpaka leo. Kwamba siku mbili kabla ya Idi nyumba nzima inanuka siagi, unga unawajaa nywele, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuchora nakshi juu ya biskuti kwa kibanio kidogo, kwa sababu mkono wake hautetemeki. Aliongea muda mrefu. Mikono yake ilikuwa inatengeneza biskuti hewani. Alikuwa mcheshi, sikuwahi kujua. Tulilala chumba kimoja miezi kumi.

Aliponyamaza nikasimama kumwomba radhi. Nikafungua mdomo. Neno likatoka limepungua.

"Sahani," nikasema.

Akanipa sahani.

Nikajaribu tena, taratibu. "Sahani."

Akanipa ya pili. "Huenda una njaa," akasema. "Maneno hupungua mtu akiwa na njaa." Akafunua sufuria, akachota wali, dengu, makaroni, akamwagia rojo, akamalizia na vitunguu vikavu, vingi kuliko haki yangu. Nikala nimesimama. Siki ilinipanda puani, macho yakajaa maji, na sufuria ikageuka upande ili isinitazame. Nikala yote. Nikalamba kijiko. Ndipo neno likatoka zima.

"Samahani, Nermini."

"Nimekusikia." Alisema hivyo tu, wala hakusema amenisamehe. Kisha akaongeza, kwa ile sauti yake ya darasani, "Neno hilo nalo limetoka kwetu. Unapolisema, unamwomba mtu awe mkarimu."

"Unaweza?"

"Nafanya mazoezi."

Akachukua sahani yangu, akaiweka juu ya nyingine. Halafu akakunja uso kidogo, kama mwalimu aliyeona kosa.

"Ila umekaa pasipo pako. Hapo nilimwekea mlinzi. Pako ni kule."

Akaonyesha safu ya mbele, katikati. Viti vyote vya ukumbini vilikuwa vya plastiki, lakini pale kilikuwepo kiti cha mbao, cha kahawia, cha mtindo wa hosteli. Nikakitambua. Ni cha mezani kwangu, chumbani kwetu.

"Ulisema Novemba kwamba viti vya plastiki vinakuumiza mgongo," Nermini akasema. "Ulipoondoka kwenda kusuka nilikibeba mpaka hapa. Jioni, ulipokuwa unaoga, nilikirudisha. Niliandika chini yake, nikakiinamisha mbele maandishi yaonekane, mtu asije akakikalia. Nilidhani watu watakuwa wengi."

Nikasogea kukikalia. Kila nilipopiga hatua safu iliongezeka kiti kimoja cha plastiki. Nikasimama.

"Mama anasema urudi," nikamwambia. "Anasema atakuchemshia chai nyingine."

Nermini hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anatazama mlango mkubwa, ule wa wageni, na akajiweka sawa mtandio.

"Ngoja kidogo," akasema. "Nadhani naona watu wanakuja."

Nikaamka.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Mwenzangu mpya alikuwa ameshatoka kwenda kanisani, kitanda chake kimetandikwa. Jua lilikuwa limeingia mpaka miguuni pangu. Nilikaa kitandani, nikatazama kiti changu mbele ya meza, kimebeba nguo za jana na mkoba, kimenyamaza kama viti vyote. Nilijiambia ndoto ni ndoto. Nikajiambia hivyo mara mbili.

Kisha nikaziondoa nguo, nikakipindua.

Upande wa chini, kwa penseli, kuna mstari mmoja wa maandishi ya kwao, ambayo sikuwahi kumwomba anifundishe kuyasoma. Chini ya mstari huo, kwa herufi za kwetu, zimenyooka kama zimepigwa rula, kwa Kiswahili chake kisicho na kosa:

Kiti hiki ni cha Nyamizi, rafiki yangu. Tafadhali kisikaliwe na mtu kabla hajafika.

Nimekikalia tangu Machi.